“Nikivuta ndiyo naendesha vizuri”

Nauli ilikuwa 2,000. Nilimpa noti ya 10,000.

Dulla (si jina lake), dereva wangu wa bodaboda, alitoa noti zake mfuko wa kifuani akaanza kuhesabu chenji yangu. Alifika katikati, akasimama, akaanza upya. Mara ya pili alinitazama kana kwamba nimemuuliza kitu, na mimi sikuwa nimefungua mdomo. Mara ya tatu alizipanga noti juu ya tangi la pikipiki, moja moja, akizigandamiza kwa kidole gumba zisipeperuke, mpaka zikatimia 8,000. Hapo ndipo nikaisikia harufu ya bangi. Njiani, katikati ya moshi wa malori ya Barabara ya Mandela hapa Dar es Salaam, sikuitambua.

“Umevuta?”

“Kidogo tu dada’angu, ya kuchangamka.” Akaniona nimebadilika uso. “Usiogope. Mimi nikivuta ndiyo naendesha vizuri. Kwani leo nimekimbia?”

Hakuwa amekimbia. Alikwenda taratibu kuliko siku zote, akaacha nafasi nyuma ya kila daladala. Kwenye mataa ya Buguruni, ambapo wenzake huchomoka kabla hata taa haijawaka kijani, yeye alitulia mpaka wa nyuma wakampigia honi.

Alitulia, au hakuiona taa?

Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa, kwa sababu Dulla si mwongo na si mhuni. Ndiye anayempeleka mwanangu shule siku za mvua. Aliponiambia kwamba akivuta anaendesha vizuri, alisema anachokiamini. Nilichotaka kujua ni kama anachokiamini ni kweli.

Onyo lililopitiliza

Tangu nikiwa shule ya msingi nimeambiwa bangi inatia wazimu. Walimu, wahubiri, mabango, wote walimalizia hapo. Vijana wa kijiweni kwa Dulla waliambiwa hivyohivyo, kisha wakavuta, wakalala, wakaamka wazima na kwenda kazini. Tangu siku hiyo, onyo lolote kuhusu bangi kwao ni porojo. Siwashangai. Hatari ya ugonjwa wa akili ipo kweli, hasa kwa anayevuta kali kila siku na kwa mwenye historia hiyo kwenye ukoo, lakini kijana hupima kwa anachokiona, na anachokiona ni wenzake walio wazima.

Kwa sababu hiyo hatukupata nafasi ya kuzungumza mambo madogo ya kila siku: mkono unaochelewa kidogo, macho yanayong’ang’ania kitu kimoja, hesabu ya chenji inayokatika njiani. Haya hayana bango. Hayatishi vya kutosha.

Kinachofanyika kichwani

Kemikali inayoleta stimu inaitwa THC. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga kutoka kwenye bangi mwaka 1964, Israeli. Miaka zaidi ya 20 ikapita bila mtu kuonyesha inashika wapi mwilini, hadi 1988, Marekani, Allyn Howlett na William Devane walipoonyesha kwamba ubongo una vipokezi vyake. Mwaka 1992 maabara ya Mechoulam ikapata kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza kwa ajili ya vipokezi hivyo. Wakaiita anandamidi.

Namna inavyofanya kazi imenishangaza kuliko mengine yote niliyosoma. Kwa kawaida seli moja ya ubongo hutuma ujumbe, nyingine hupokea. Kemikali hizi za mwili zenyewe husafiri kinyumenyume: seli inayopokea ikizidiwa, inazitoa ziende kwa aliyetuma, apunguze. Ni jirani anayegonga ukuta ili mwenye redio ashushe sauti. Anagonga penye kelele tu, kidogo, kisha basi. THC hugonga kuta za mtaa mzima kwa masaa, bila kujali nani ana kelele na nani amelala.

Na mitaa yenyewe inajulikana. Vipokezi vimejaa kwenye hipokampasi, sehemu inayoshika kumbukumbu mpya. Vimejaa kwenye ubongo mdogo, ule wa nyuma ya kisogo, unaohakikisha miondoko inakwenda sawasawa na kwa wakati wake. Vimejaa pia kwenye viini vya ndani kabisa vinavyoanzisha mwendo na kuuzuia. Kwenye shina la ubongo, panapoendesha pumzi, ni vichache, ndiyo maana bangi haimkati mtu pumzi kama heroini. Vijana wanaosema bangi haijaua mtu wana sehemu ya ukweli hapo. Lakini pikipiki inaendeshwa na zile sehemu tatu za kwanza.

Sasa naielewa ile chenji. Kuhesabu noti kunataka ushike jumla kichwani huku mkono ukiongeza nyingine. Hesabu Dulla anazijua. Kilichokuwa kinamponyoka ni jumla, kila mkono ulipoongeza noti. Alipozipanga juu ya tangi aliacha kutegemea kichwa. Tangi ndilo lililomshikia.

Barabarani hakuna pa kupanga.

Alikuwa na hoja

Nilianza kusoma nikiwa na jibu langu tayari. Halikudumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Uholanzi, Hindrik Robbe na James O’Hanlon waliwapa watu bangi wavute, kisha wakawakabidhi usukani kwenye barabara halisi, pembeni yao akiwa amekaa mwalimu mwenye breki zake. Waliovuta walipunguza mwendo. Waliacha nafasi zaidi mbele yao. Walipoulizwa wameendeshaje, walijishusha kuliko walivyostahili. Waliokunywa pombe ndio waliojiona wako safi.

Nilipofika hapo niliiweka simu chini. Dulla alikuwa ameniambia matokeo ya utafiti ambao hajawahi kuusikia.

Hata hesabu za ajali hazikunisaidia kumpinga. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2012 kwenye jarida la BMJ la Uingereza ulikadiria kwamba anayeendesha akiwa amevuta yuko kwenye hatari ya kugongana karibu mara 2. Mwaka 2016 Ole Rogeberg na Rune Elvik wa Norwei walizipitia upya takwimu za aina hiyo wakapata ongezeko dogo zaidi, kati ya asilimia 20 na 40 hivi. Pombe iko mbali sana juu ya hapo.

Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa Dulla. Nilijiambia kwamba labda anajifahamu kuliko ninavyomfahamu, na kwamba labda hofu yangu ni masalia ya mabango ya shuleni.

Sentimita mbili

Kilichonirudisha nyuma ni rula.

Mwaka 2020, kwenye jarida la JAMA, Thomas Arkell na wenzake walichapisha jaribio jingine la Uholanzi, la barabara kuu. Kifaa kwenye gari kilipima linavyoyumba kushoto na kulia ndani ya njia yake. Dakika 40 baada ya kuvuta mvuke wenye THC, kuyumba kuliongezeka kwa zaidi kidogo ya sentimita 2. Kiasi hicho kinalingana na cha mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Hapa kwetu kikomo cha sheria kwa dereva wa kawaida ni 80. Masaa manne baadaye tofauti haikuonekana tena.

Niliziangalia sentimita mbili kwenye rula ya mwanangu na mwanzoni nikaona si kitu. Kisha nikafikiria zimepimwa wapi: barabara iliyonyooka, gari lenye magurudumu manne, hakuna abiria mgongoni, hakuna anayekatiza. Na ni wastani. Siku za foleni Dulla hupita kati ya lori la kontena na mtaro, na nafasi inayobaki kila upande wa usukani mara nyingine ni upana wa kiganja.

Halafu kuna ile hoja yake ya kwenda taratibu, ambayo kwenye gari ina maana kubwa. Gari likipunguza mwendo linatulia. Pikipiki ikipunguza mwendo ndipo inapokutaka zaidi. Kwenye kasi ya kawaida inasimama karibu yenyewe. Kwenye mwendo wa foleni unaisimamisha wewe, kwa kiuno, magoti na mikono, kila sekunde, na kila mkono una kazi yake: wa kushoto klachi, wa kulia moto na breki ya mbele. Mguu wa kushoto gia, wa kulia breki ya nyuma. Macho yako kwenye saiti mira, kwenye daladala lililowasha indiketa na kwenye daladala ambalo halijawasha.

Bangi huuma zaidi hapo hapo, kwenye kufanya mambo mengi kwa pamoja. Anayefanya jambo moja tu analoliona mbele yake anaweza kujikaza, akaongeza umakini, akafidia. Robbe na O’Hanlon waliliona hilo. Lakini kujikaza kunasaidia kwa kile unachokitegemea. Mtoto anayechomoka nyuma ya daladala hakusubiri ujikaze. Hata muda wenyewe mvutaji haupimi sawa: dakika moja humjia kama ndefu kuliko ilivyo. Na anaweza kudhani ametulia kwenye taa kwa tahadhari tu, kumbe ilishawaka na hakuiona.

Simaanishi kwamba ndivyo ilivyokuwa Buguruni. Sitajua.

Stimu ikishakata

Utafiti ulionibadilisha kabisa ulifanyika San Diego, California, ukachapishwa mwaka 2022. Thomas Marcotte na wenzake walichukua watu 191 wanaovuta mara kwa mara. Baadhi walipewa sigara zenye THC, wengine zisizo nayo, kisha wote wakaendesha kwenye mashine inayoigiza barabara.

Nusu saa baada ya kuvuta, waliopata THC waliendesha vibaya zaidi. Wengi wao walisita walipoulizwa kama wangethubutu kuingia barabarani.

Saa moja na nusu baada ya kuvuta, wengi zaidi walisema sasa wako tayari.

Uendeshaji wao haukuwa umepona.

Ilichukua takriban masaa manne na nusu tofauti kati ya makundi mawili kwisha. Kwa hiyo kuna kipindi, pengine masaa mawili, pengine zaidi, ambapo stimu imeshuka, kichwa kinahisi cheupe, mtu anajisikia mwenyewe tena, na mikono bado haijarudi. Wakati stimu iko juu mtu anajihofia na kujikaza, kama wale Waholanzi. Ikishakata, anaacha kujikaza. Kwa hofu yangu mimi, saa mbaya ndiyo hiyo. Na ndiyo saa ambayo Dulla, kwa uaminifu wake wote, angeniambia yuko fiti.

Kuna jaribio la zamani linalokwenda mbali zaidi. Mwaka 1991 watafiti wa California, Von Leirer na Jerome Yesavage wakiwamo, walichapisha matokeo ya marubani 9 waliorushwa kwenye mashine ya mazoezi saa 24 baada ya kuvuta. Marubani 7 walionyesha dosari fulani. Aliyejihisi kuwa na kasoro alikuwa mmoja. Watu 9 ni wachache mno, na majaribio ya baadaye ya madereva hayaonyeshi athari inayofika siku ya pili, kwa hiyo siujengei hoja nzima juu yake. Ila kwa hili la mtu kutojijua, unaelekea kulekule.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba anayesema “niko sawa” huku amevuta anaficha. Sasa nadhani mara nyingi hafichi. Kinachotumika kujipima ni ubongo uleule.

Kidato cha pili

Dulla alianza kuvuta akiwa kidato cha pili. Aliniambia bila kusitasita, kama mtu anayetaja mwaka aliohamia Tabata.

Hapa napo nilikutana na habari zinazotisha na zinazotuliza. Dunedin, New Zealand, watafiti wanawafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa miaka ya 1972 na 1973. Mwaka 2012 Madeline Meier na wenzake waliripoti kwamba walioanza kabla ya miaka 18 na kuendelea kwa miaka mingi walipoteza takriban pointi 8 za kipimo cha akili kati ya umri wa miaka 13 na 38. Nilisoma hilo nikapatwa na huzuni. Kisha, mwaka 2016, watafiti wa Marekani wakalinganisha mapacha, mmoja anavuta na mwenzake havuti, wakakuta mvutaji hakushuka kuliko ndugu yake. Maana yake huenda sehemu ya pengo ilitoka kwenye nyumba, umaskini na shule, si kwenye moshi peke yake. Hata Harrison Pope, daktari wa Boston, aliripoti mwaka 2001 kwamba wavutaji wa miaka mingi walioacha kwa siku 28 walifanya majaribio ya kumbukumbu sawa na wasiovuta.

Kwa hiyo simwambii Dulla kwamba ameshaharibika. Si kweli kwa ushahidi uliopo, na mtu aliyeambiwa ameshaharibika hana sababu ya kuacha. Anayeanza na miaka 14, ubongo bado unajijenga, bado nisingependa awe mwanangu.

Hakuna wa kumpima

Nilidhani trafiki ndiye jibu. Kwa pombe ana kifaa: unapuliza, namba inatoka. Kwa bangi mambo ni magumu. THC hukimbilia kwenye mafuta ya mwili. Kiwango chake kwenye damu hupanda ndani ya dakika chache za kuvuta na kushuka haraka, wakati stimu bado ipo. Mabaki yake hukaa kwenye mkojo siku nyingi, kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Kipimo cha mkojo kitamkamata aliyevuta Jumamosi akaendesha vizuri Jumatano, na hakitasema lolote kuhusu mikono yake ya sasa. Ujerumani, baada ya kuhalalisha mwaka 2024, iliweka kikomo cha nanogramu 3.5 kwa mililita ya seramu ya damu. Ni mstari wa sheria, lazima uwepo mahali fulani, lakini mtu mmoja akiwa hapo anayumba na mwingine hayumbi.

Macho ya askari nayo yamejaribiwa. Mwaka 2023 timu ileile ya San Diego iliwaleta askari waliofunzwa, wakawasimamisha watu kwa mguu mmoja na kuwatembeza kwenye mstari. Waliwatambua wengi waliovuta THC. Waliwatia hatiani pia karibu nusu ya wale ambao hawakuvuta THC yoyote.

Kilichobaki ni saa.

Umevuta saa ngapi?

Nilimweleza Dulla haya tumekaa kwenye benchi la kijiweni, mchana, hakuna abiria. Sikumtajia sheria, anaijua. Nilimwambia: ukivuta, hesabu masaa matano kabla hujagusa ufunguo, hata ukijisikia mzima baada ya moja. Ukila badala ya kuvuta, kama wale wanaoichanganya kwenye keki, inachelewa kupanda na inakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo siku hiyo usiendeshe. Na usiiunganishe na pombe, kwa sababu zikikutana madhara yanaongezana.

Alisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

“Dada, na hesabu ya bosi nani atalipa?”

Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anapaki saa nne usiku. Kila siku 10,000 za mwenye pikipiki, ziwe zimepatikana au la, mpaka mkataba uishe. Havuti kwa starehe, aliniambia. Anavuta asubuhi kwa sababu mgongo unauma, kwa sababu jana karibu agongwe na leo lazima apite palepale. Masaa matano ya kukaa ni karibu theluthi ya siku yake ya kazi. Kijana aliyekuwa anasikiliza pembeni akasema anayekubali mbele ya watu kuwa amevuta atanyang’anywa chombo jioni hiyohiyo, kwa hiyo kila mtu atasema yuko fiti.

Hilo sikuwa nimelisoma kwenye utafiti wowote.

Wenye pikipiki hizo wengi si matajiri. Ni watu kama mimi: mwalimu, karani, nesi, mtu aliyekopa kwenye kikoba akanunua chombo akampa kijana wa mtaani. Nimeanza kuzungumza na ninaowafahamu. Ninachowaomba ni kimoja: dereva akisema mwenyewe kwamba amevuta, hesabu ya siku hiyo isifutwe, isogezwe mwisho wa mkataba, na asinyang’anywe kitu. Mmoja amekubali, anaanza mwezi ujao. Wawili wamekataa wakisema nataka kuwafugia wavutaji. Nimewajibu kwamba wavutaji tayari wanao na watoto wetu wako migongoni mwao, na kwa sasa dereva anayesema ukweli ndiye pekee anayeadhibiwa. Bado tunabishana.

Kuhusu mwanangu, tumekubaliana na Dulla. Asubuhi ya mvua simuulizi kama yuko sawa. Namuuliza amevuta saa ngapi. Jibu likiwa ndani ya masaa matano, mtoto anapanda daladala pamoja nami na nauli ya Dulla naituma vilevile.